Matundu Manne

Nina tabia moja mbaya: mtu akianza kunifundisha kazi yangu, masikio yangu huziba. Ni ajabu kidogo, kwa sababu masikio hayo hayo ndiyo yanayonilisha. Wateja wananiita Fundi Sikio. Nikiingia kwa mtu kufunga kabati, sianzi na futi wala sumaku ya kutafutia misumari, naanza na kidole. Nagonga ukuta, nasikiliza. Penye uwazi ukuta unavuma, penye mbao unajibu kwa mkato, kama mtu aliyechoka kuulizwa. Miaka kumi na tisa nimefunga makabati namna hiyo na hakuna hata moja lililomwangukia mtu. Nilikuwa nalisema hilo mara nyingi kuliko ilivyopendeza.

Karavani ni ya kaka yangu. Ni kijumba cha magurudumu kinachokokotwa na gari: chumba cha kulala, jiko la kugeukia kwa tabu, na choo ambacho mtu mnene anaingia kinyumenyume. Kaka aliinunua imeshatumika, akiwa na ndoto ya kuzunguka nchi na mkewe. Walizunguka mara mbili, ndoto ikaisha, karavani ikabaki uani nyuma ya jengo lao. Wao wanakaa ghorofa ya tatu kwenye vyumba viwili, kwa hiyo wifi yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, akaigeuza stoo.

Kisha Mama akaanguka bafuni. Ikawa nyonga ya kushoto. Alifanyiwa upasuaji akawekewa chuma, na daktari akatoa masharti: asipande ngazi kwa miezi mitatu, asikae kitako zaidi ya nusu saa, na mguu ule usipigwe wala kushtuliwa. Halafu akatuita mimi na kaka kwenye korido, akafunga mlango wa wodi. "Chuma kikihama, itabidi tumpasue tena," akasema. "Kwa umri wake na moyo wake, mimi sitaki kumpasua tena." Hatukumweleza Mama maneno hayo. Nina hakika aliyasoma usoni mwetu.

Ngazi ndizo zilizoamua. Dada yetu mkubwa ana nyumba ya chini, haina hata kizingiti, ila iko mwendo wa saa nane kwa gari. Mama hawezi kukaa saa nane, lakini kulala anaweza, na kwenye karavani kuna kitanda. Kaka angevuta polepole, akisimama kila baada ya muda kumtazama. Mama alikubali kila kitu isipokuwa kimoja.

"Saa nane nitazame dari, kuna nini huko?" akauliza. "Nifungieni televisheni. Na mniwekee mpira."

Mama na mpira ni habari ndefu. Kaka alimjazia flashi mechi za zamani, zile ambazo matokeo yake Mama anayajua kwa dakika, na bado refa hutukanwa upya kila mara. Kazi ya kufunga televisheni yenyewe, bila mjadala, ilikuwa yangu.

Kuta za karavani si kuta, ni ahadi. Ukuta unaotenganisha chumba na jiko ni plaiwudi mbili, kila moja unene wa sarafu mbili, katikati uwazi, na vijiti vichache vya mbao vinavyozishika zisikutane. Ukifunga skrubu penye uwazi ni sawa na kuifunga kwenye boksi la viatu. Na televisheni ya Mama ilikuwa ikae kwenye ukuta huo, upande wa miguuni, juu ya mkono wa chuma unaovutika ili kioo kimsogelee. Mkono kama huo ukiuvuta, uzito wote unaning'inia mbele na bamba lake la nyuma linang'ang'ania ukuta kwa skrubu nne tu. Nilijua yote hayo. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza kumweleza kaka, kwa majigambo, kwa nini kazi hii haitaki mtu wa kubahatisha.

Ilikuwa alasiri, siku moja kabla ya safari. Wifi akasimama mlangoni, kalamu nyekundu imechomekwa kwenye nywele. Tunapendana, tusielewane vibaya, ila wifi yangu husahihisha hata salamu.

"Wifi, huna ile sumaku ya kutafutia mbao?" akaniuliza. "Kaka yako anayo kwenye droo."

"Sikio langu halitaki droo."

"Sikio halizidi kichwa," akasema, akacheka. Nami nikacheka, lakini ilinichoma. Kisha akaingia hatua moja, sauti ikabadilika. "Sikiliza, kabla hujatoboa nikwambie kitu kuhusu huo ukuta. Huko upande wa jikoni kuna—"

"Wifi," nikamkata, "wewe sahihisha madaftari, mimi nitoboe kuta. Kila mtu na darasa lake."

Akaniangalia. Akainua mikono miwili juu, kama mtu aliyesimamishwa na polisi, akasema "Haya," akaondoka zake. Nilisikia viatu vyake vikipanda ngazi na nikaona nimeshinda.

Nikagonga. Kushoto ukuta ukavuma. Nikasogea kulia, ukavuma. Nikafika katikati, ukanyamaza. Nikagonga tena, juu, chini, pembeni: pote pazito, pamejaa, pana karibu kama meza. Nilifurahi peke yangu mle ndani. Wenye viwanda vya karavani wakati mwingine huweka ubao mpana ndani ya ukuta mahali panapotarajiwa kubeba kitu, na mimi nikajiambia wametuwekea. Upande wa pili, jikoni, palikuwa na kabati lililofungwa kwa kamba lisifunguke njiani. Kufungua lile fundo na kuchungulia ni kazi ya dakika mbili. Sikulifungua.

Skrubu zilikuwa za sentimita tano. Ya kwanza ilipita plaiwudi, ikazunguka kidogo pasipo kitu, kisha ikauma. Iliuma vizuri, kwa uzito laini, na za pili, tatu na nne zikauma vilevile. Nikafunga mkono wa chuma, nikaushika kwa mikono miwili, nikajitupa nyuma kwa uzito wangu wote. Haukutikisika. Nikamwita kaka naye avute. Akavuta, akanipiga begani.

"Fundi Sikio," akasema.

Kesho yake saa moja asubuhi waliondoka. Gari la wagonjwa lilimleta Mama hadi uani, wauguzi wakamhamishia kitandani, mito ikapangwa kuzunguka mguu. Mkongojo wake ukalazwa ubavuni, simu ikawekwa mkono wa kulia, rimoti mkono wa kushoto. Mama akauvuta mwenyewe ule mkono wa chuma kwa ncha ya mkongojo mpaka kioo kikawa juu ya magoti yake. "Sasa hii ndiyo safari," akasema. Kaka akazima simu yake mbele ya macho yetu, kwa sababu katika ukoo wetu Mama alishapitisha sheria: mwenye usukani hana simu. Angesimama saa tatu, apige, halafu asingesimama tena mpaka avuke matengenezo ya barabara. Baada ya daraja kubwa lami ilikuwa imechimbuliwa, kilometa nane za mashimo na mawe, magari yanapita upande mmoja. Mbele yake kuna kituo cha mafuta. Hapo ndipo angesimama mara ya pili.

Saa tatu alimpigia mkewe kama alivyoahidi. Mama mzima, anaangalia mpira, amekula ndizi. Nilipata habari hiyo kwa ujumbe, nikaendelea kupiga randa.

Saa nne kasoro robo wifi akaingia karakana kwangu. Hakubisha hodi. Alikuwa bado na vumbi la chaki mikononi, na alikuwa amekunja uso ule ambao watoto wa watu wanaufahamu vizuri kuliko mimi. Akaweka madaftari matano mezani, juu ya maranda.

"Nieleze wifi, hiki ni nini?"

Nilidhani ni utani. Nikachukua la kwanza. Jalada lilikuwa na matundu manne, mawili juu na mawili chini, safi, kama yamepimwa kwa rula. Nikafungua. Matundu yalipita kurasa zote mpaka jalada la nyuma. La pili hivyohivyo. La tatu, la nne, matundu yakaanza kuwa membamba. La tano lilikuwa na vidoti vinne tu, kama limechomwa na sindano.

"Nimegawa madaftari darasani," wifi akasema, "watoto watano wananyoosha mkono, mwalimu langu limetobolewa. Lilitobolewa na nani? Yalikuwa kwenye kabati la jikoni kule karavani, nimeyapanga mimi mwenyewe yakabana mpaka ukutani, mafungu manane. Leo alfajiri nayatoa, fungu moja limenasa, navuta wee, nikadhani ni msumari wa kabati. Hicho ndicho nilichotaka kukwambia jana ukanifukuza. Nilitaka uniambie niyaondoe kwanza."

Nilikuwa nimeshachukua skrubu ya sentimita tano kutoka kwenye kopo. Nikaichomeka kwenye tundu. Iliingia kama kidole kwenye pete yake.

Ule uzito niliousikia ukutani haukuwa ubao. Yalikuwa ni madaftari ya darasa la sita. Skrubu zangu ziliuma karatasi, na karatasi iliyobanwa inashika, ndiyo maana nilijitupa nyuma nikaning'inia na hazikutoka. Sasa karatasi iko mezani kwangu. Televisheni iko kwenye plaiwudi ya sarafu mbili, mkono umevutwa hadi mwisho, na chini yake kuna magoti ya Mama.

"Wifi," nikasema, "hakuna kinachoishika."

Alinielewa mara moja. Hilo nitamsifu nalo mpaka nife: hakuuliza mara mbili, wala hakusema "nilikwambia." Aliangalia saa ya ukutani.

"Daraja ni saa nne na dakika tano, kumi," akasema. "Mpigie Mama."

Nikapiga simu ya kaka kwanza, kwa wazimu tu. Haipatikani. Nikapiga ya Mama. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Wifi naye akapiga kwa yake. Iliita na kuita. Nikaona picha nzima: Mama amelala chali, sauti imepandishwa mpaka juu maana sikio lake la kushoto limeanza kuchoka, mashabiki wanapiga kelele, na simu inalia mkononi mwake asiisikie. Televisheni niliyoifunga mimi ndiyo iliyokuwa inanizibia njia ya kumfikia.

"Tuwafuate," nikasema.

"Wako karibu saa tatu mbele yetu. Piga."

Nikapiga mara sita, saba. Vidole vilikuwa vinateleza kwa jasho. Tulipokuwa watoto tuliimbishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakuna aliyetufundisha kwamba guu lenyewe linaweza kuwa la mtu mwingine.

Mara ya nane akapokea.

"Mapumziko," Mama akasema. "Sema haraka, kipindi cha pili kinaanza."

Nikaweka sauti ya nje, simu juu ya meza katikati yetu. "Mama, punguza televisheni."

"Mbona unahema?"

"Punguza kwanza, Mama. Haya. Angalia nyuma ya televisheni, lile bamba la chuma lililoshika ukuta. Liko vipi?"

"Liko sawa."

"Angalia vizuri."

"Juu limeachia kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidole kinaingia." Tukasikia gari likiruka, vyombo vikigongana jikoni. "Viwili," Mama akasema. "Kumbe linapumua. Gari likiruka linafunguka, likitulia linafunga."

Wifi akafumba macho. Nami nikawa fundi, sijui niseme vipi, sauti yangu ikawa ile ya kazini. "Chukua mkongojo. Sukuma televisheni irudi nyuma, mpaka mkono wa chuma ujikunje na mgongo wake ugote ukutani. Polepole. Usiinue mguu."

"Mguu hauinuki hata nikiuomba." Tukasikia chuma kikilia, tena, kisha kugota. "Imerudi."

"Sasa iegemee kwa mkongojo, ukandamize, usiachie."

"Kwa nini?"

"Tahadhari tu, Mama."

Wifi aliniangalia. Uso ukaniwaka kwa aibu.

"Mwanangu," Mama akasema, "nina miaka sabini na mbili na chuma nyongani. Nilichobakiwa nacho ni kuambiwa ukweli. Kuna nini?"

"Skrubu hazikushika mbao."

"Zimeshika nini?"

"Hakuna. Nilikosea. Nilidhani pale kuna ubao."

Akavuta pumzi ndefu. "Sawa," akasema. "Nimeshika."

Nilitegemea ukali. Ningeupokea. Ile "sawa" ilinichoma zaidi.

Kisha barabara ikabadilika. Hata kwenye simu tuliisikia: mlio wa lami ulikufa, ikaja kokoto, ikaja mtikisiko mmoja mfululizo kama mtu anayetikisa droo ya vijiko. Walikuwa wamevuka daraja. Kilometa nane kwa mwendo wa kinyonga ni nusu saa. Nusu saa, bibi kizee amelala chali, anasukuma televisheni ukutani kwa fimbo.

Wifi akanisogelea, akaninong'oneza. "Mwambie aisukumie pembeni ianguke sakafuni. Ivunjike. Ni televisheni tu."

Nikafunika simu kwa kiganja. "Haiwezekani. Ikitoka itageuka, mkono wa chuma utaivuta imrudie miguuni."

"Una hakika?"

"Mimi ndiye fundi hapa."

Nilijibu haraka mno. Wifi akarudi nyuma, mikono juu, kama jana. Nami nikaondoa kiganja kwenye simu, nikaendelea kumwelekeza Mama: bana kwapa, tumia kifua kusukumia, lenga katikati ya kioo, usilenge pembeni.

Dakika tano zikapita. Mtangazaji wa mpira alikuwa bado anaongea kwa mbali, anamsifu mchezaji aliyestaafu zamani. Mama alikuwa akihema kwa vipande. Kila gari likiingia shimoni tulisikia "uh," ndogo, anayoificha.

"Mama, ongea nami."

"Nikiongea naishiwa pumzi. Mkono wa kulia umekufa ganzi. Nahamisha."

"Polepole."

"Najua polepole ni nini." Kishindo kidogo. Kitu kikadondoka. "Skrubu moja imetoka. Iko shukani."

"Ya wapi?"

"Ya juu kushoto."

Nikashika ukingo wa meza. Dakika ya kumi, ya kumi na mbili. Ikatoka ya pili, ya juu kulia. Sasa bamba lilikuwa limeshikwa na mbili za chini tu, na hizo mbili za chini kazi yake ilikuwa bawaba: televisheni ingefunguka kutoka juu, kama mlango wa oveni, moja kwa moja kwenye mapaja. Nilimweleza Mama asogeze ncha ya mkongojo juu zaidi. Akasogeza. Nilisikia meno yake.

"Mwanangu," akasema, "kata simu."

"Sikati."

"Kata, nitakupigia."

"Sikati Mama, nipo, nasikiliza."

"Nimesema kata!" Hiyo ilikuwa sauti ya zamani, ya kutuita ndani giza likiingia. Wifi aligutuka. Mimi nikaing'ang'ania simu kwa mikono miwili, kama vile waya ungetoka kwangu ukamshikie ukuta.

"Siwezi kukuacha peke yako," nikasema.

Gari likaingia shimoni. Tukasikia kishindo kikubwa, kioo kikimwagika, Mama akapiga kelele moja fupi, kisha simu ikakatika.

Nikapiga. Inaita, hakuna mtu. Nikapiga. Wifi alikuwa amenishika kifundo cha mkono, kucha zimezama, hakuna kati yetu aliyejua. Niliomba. Nilimwambia Mungu maneno ya kitoto, kwamba mguu ukipona sitagusa drili tena maishani, na hapohapo nikajiona mwongo. Zilipita dakika kumi na nne kwa saa ya ukutani. Sikuwahi kujua karakana yangu ina harufu kali hivyo ya gundi.

Simu ikalia. Kaka.

"Mama yako huyu atanitia wazimu!" akaanza, na kwa ukali wa sauti yake nikajua Mama yuko hai, nikaketi juu ya ndoo ya rangi. "Nimefungua mlango hapa kituoni, televisheni iko sakafuni, imepasuka, vioo kila mahali."

"Mguu?"

"Mguu mzima. Nimeuangalia, haujaguswa. Amechubuka kiwiko basi. Lakini unajua alichofanya? Aliivuta! Eti alitaka kioo kisogee karibu, akaanza kuivuta kwa mkongojo mpaka ikang'oka. Mtu mzima na akili zake!" Akageuka, tukamsikia akisema pembeni, kwa sauti ile ya kugombeza mtoto: "Nilikwambia usiguse kitu, Mama. Sikukwambia? Ungeangukiwa je? Tungemweleza nini daktari?"

Na Mama akajibu, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake tangu nizaliwe: "Nisamehe baba. Ni uzee."

"Uzee gani, ni ubishi! Ulishafungiwa kila kitu vizuri na fundi, wewe unakwenda kuchokonoa!"

"Ni kweli. Nimekosa."

Sauti ya nje ilikuwa bado imewashwa. Wifi alikuwa amesikia yote. Alikusanya yale madaftari matano, akayapanga, akayageuza kifudifudi, na hakunitazama. Alikuwa ananiachia nafasi. Ningeweza kusema "pole sana, Mama," na jina langu lingebaki palepale lilipokuwa jana. Kaka angesimulia kichekesho hicho miaka yote, Mama na mkongojo wake, na Mama angecheka nao.

"Kaka," nikasema. "Acha kumgombeza Mama."

"Wewe hukuona hali ya—"

"Hakuivuta. Niliifunga kwenye madaftari. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na madaftari ya mkeo, mimi nikasikia nikadhani ni ubao. Alitaka kunieleza nikamkatiza. Leo asubuhi ameyatoa, ikabaki bure. Mama ameishikilia kwa mkongojo tangu darajani, na mimi nikiwa kwenye simu namwambia aishike."

Magari yalikuwa yanapita nyuma ya kaka. Hakunitukana, na najua kwa nini: alikuwa anamwangalia mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa ametoka kumgombeza bure.

"Mama," akasema taratibu, "ni kweli?"

"Huyu mtoto," tukamsikia Mama, "namfunika anajifunua. Nipe hiyo simu."

Kukawa na mikwaruzo, kisha pumzi yake ikawa karibu, nzito, imechoka.

"Nilikwambia ukate simu."

"Ndiyo, Mama."

"Kitu chenyewe chepesi. Pembeni ya kitanda kuna nafasi ya mtu kulala, ndiko nilikoisukuma ilipong'oka. Ningeisukumia kule tangu pale mwanzo, mara moja tu, na mkono usingeniuma."

Wifi aligeukia dirisha. Mimi nilijua tayari, nadhani nilijua tangu nilipofunika simu kwa kiganja, lakini nikauliza.

"Sasa kwa nini hukuisukuma?"

"Ningeisukumaje," Mama akasema, "na wewe unasikiliza kazi yako inavyovunjika?"

Nikaweka simu sikioni, nikainamisha kichwa mpaka magotini, nikalia kama mtu asiye na umri.

"Bado upo?" akauliza.

"Nipo, Mama."

"Haya. Sasa kata."